Ajali ya Kazini Ikishatokea: Maswali ya Kawaida, Kutoka Mkongani Hadi Diani

Watu wa Mkongani, Kaunti ya Kwale, hawafanyi kazi mahali pamoja. Kuna waliobaki shambani na kwenye minazi. Kuna wanaochonga mawe kwenye matimbo ya Tiwi na Waa, wanaopanda matatu hadi Ukunda kwenda kupika na kufua mashuka katika hoteli za Diani, na wanaokata miwa upande wa Msambweni. Wengine walikuwa kwenye mgodi wa titanium wa Maumba na Nguluku, ambako uchimbaji ulisimama Desemba 2024, na sasa wanatafuta riziki kwa makontrakta wa ujenzi. Hatari zao hazifanani: huyu anahofia ukuta wa mawe, yule stima na mvuke, mwingine panga la mwenzake. Lakini mmoja akiumia, maswali yanayoulizwa nyumbani ni yale yale. Nani aambiwe? Nani achunguze? Na yakishagunduliwa, nani atahakikisha yamefanyiwa kazi?

Majibu yaliyo hapa yanafuata sheria za Kenya, hasa mbili za mwaka 2007: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayojulikana kwa kifupi kama OSHA, na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, yaani WIBA. Jambo moja litajitokeza kila mara: ripoti iliyotiwa sahihi ni katikati ya safari. Uchunguzi umekwisha pale hatari iliyomuumiza mtu imeondolewa, na mtu amerudi mahali pale pale kuhakikisha.

Ni tukio gani linalohesabiwa kuwa ajali ya kazini?

Ni tukio lililotokana na kazi, au lililokupata ukiwa kazini, likakujeruhi au kuua. Si lazima uwe mbele ya mashine. Mpishi aliyeteleza kwenye sakafu yenye mafuta, mtunza bustani aliyeumwa na nyoka akifyeka ua la hoteli, na mlinzi aliyevamiwa lindoni, wote wamo. WIBA inaenda mbele zaidi: ukiwa ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa la kuwapeleka au kuwarudisha wafanyakazi, unahesabiwa kuwa kazini. Lori la kampuni likipinduka kabla ya kufika shambani, hiyo ni ajali ya kazini. Matatu uliyopanda kwa nauli yako ni habari nyingine.

Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo, hata kama haukuja kwa kishindo: vumbi la mawe lililokaa kifuani miaka mingi, dawa ya kunyunyizia mimea iliyoingia mwilini, kelele za mashine zilizoua masikio. Hapa hakuna siku moja unayoweza kuitaja kuwa siku ya ajali, kwa hiyo kumbukumbu za hospitali ndizo zinazobeba ushahidi.

Hakuna aliyeumia. Kuna haja gani ya kuandika?

Ipo haja, tena kubwa. OSHA ina kundi la matukio ya hatari ambayo lazima yaripotiwe hata kama hakuna aliyepata mkwaruzo, kama vile winchi au kreni kuanguka, moto na mlipuko.

Nje ya orodha hiyo kuna zile nusura za kila siku. Kipande cha ukuta kimeporomoka timboni watu wakiwa wamekwenda kunywa chai. Watu wanacheka, wanamshukuru Mungu, wanarudi kazini. Jiwe halikujua kwamba ni saa ya chai. Kesho litaanguka saa ya kazi. Nusura ndiyo nafasi ya kujifunza bila kulipa kwa mguu wa mtu, na mahali pa kazi panapoandika nusura zake hupata habari mapema kuliko panapongoja majeruhi.

Saa ya kwanza tufanye nini?

Uhai kwanza. Zima stima au mashine kabla ya kumgusa aliyenaswa. Mtu akizimia ndani ya kisima au shimo la choo, usimfuate mbio: hewa iliyomlaza itakulaza na wewe. Miongoni mwa wanaokufa mashimoni, mara nyingi huwamo waliokwenda kuokoa. Itisheni msaada, na anayeshuka afungwe kamba yenye watu juu, hewa safi ikiwa imeshaingizwa shimoni.

Kumpa majeruhi huduma ya kwanza na kumfikisha hospitali ni jukumu la mwajiri. Iwe ni hospitali ya Kwale au ya rufaa ya Msambweni, mgonjwa au anayemsindikiza aseme wazi kwamba ameumia kazini, ataje kazi na mahali, na ahakikishe imeandikwa. Kadi iliyoandikwa "ameanguka" bila zaidi huleta ubishi miezi sita baadaye.

Kisha linda mahali penyewe. Usioshe damu, usisogeze ngazi, usiwashe tena mashine, usirudishe kifuniko kilichokuwa kimetolewa. Piga picha kwa simu kutoka mbali na kutoka karibu. Andika saa, hali ya hewa, na majina ya waliokuwapo. Kuna wakati vitu lazima visogezwe ili kumtoa mtu. Hapo andika nini kilisogezwa, kutoka wapi, na nani alikisogeza.

Nani aarifiwe, na ndani ya muda gani?

Mfanyakazi, au mwenzake kwa niaba yake, amwarifu mwajiri mara moja. Taarifa ya mdomo inakubalika, ila ya maandishi haikanushiki. Hata ujumbe wa simu kwa msimamizi unaobaki na tarehe na saa ni bora kuliko neno tupu.

Baada ya hapo mzigo ni wa mwajiri. Kama kuna kifo, ni lazima amjulishe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya saa 24, halafu apeleke taarifa ya maandishi kwa fomu maalumu ndani ya siku 7. Kama ni jeraha tu, taarifa ya maandishi ifike ndani ya siku 7 hizo hizo. Majeraha yote yaingizwe pia katika daftari la jumla la mahali pa kazi. Maafisa hawa wako chini ya kurugenzi inayojulikana kama DOSHS, katika Wizara ya Leba. Fomu inayohusika ni DOSH/WIBA 1, ambayo wengi huiita tu "WIBA 1". Iulizie kwa jina hilo, na uombe nakala.

Mwajiri akikataa kuripoti, usikae kumngoja. Mfanyakazi, jamaa au chama cha wafanyakazi anaweza kwenda ofisini mwenyewe. Asiyejua ofisi ya eneo lake aanzie ofisi ya leba iliyo karibu.

Amefariki kazini, na tunataka kumzika leo. Tufanyeje?

Swali hili ni zito kwetu, kwa sababu Mwislamu huharakishiwa maziko, na saa 24 za sheria huwa zinakimbizana na sala ya alasiri. Haki ya maiti na haki ya warithi zinaweza kwenda pamoja, mradi mambo yafanywe kwa mpango. Ripoti polisi na kwa afisa wa usalama kabla ya maziko. Omba uchunguzi wa maiti ufanywe siku hiyo hiyo, na jamaa mmoja ashughulike na hilo peke yake wakati wengine wanatayarisha maziko. Daktari aandike chanzo cha kifo kwa ukamilifu. Familia iliyozika bila karatasi yoyote hujikuta baadaye ikithibitisha kwa maneno jambo ambalo mwajiri na kampuni yake ya bima wanalikana kwa maandishi.

Tahadhari nyingine: wakati wa matanga huja mtu na bahasha, na karatasi ya kutia sahihi ili "tumalizane nyumbani." Rambirambi pokea. Karatasi usitie sahihi hadi usomewe na mtu asiyefungamana na mwajiri. Chini ya WIBA, kumtisha au kumshurutisha mfanyakazi ili apoteze haki yake ya mafao ni kosa la jinai.

Nani hasa anayechunguza?

Kuna wachunguzi wa ngazi tatu, na kila mmoja ana kazi yake.

Wa kwanza ni mahali pa kazi penyewe. Penye watu 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Kanuni za mwaka 2004 zinataka wawakilishi wa wafanyakazi na wa menejimenti wawe sawa kwa idadi. Kamati hukagua mahali pa kazi, hukutana angalau kila miezi mitatu, na huchunguza ajali zinapotokea. Kamati ambayo wajumbe wake wote wameteuliwa na meneja ni kamati ya meneja.

Wa pili ni afisa wa serikali wa usalama na afya kazini. Ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuhoji watu, kutaka daftari na kuchukua sampuli. Akiona kasoro anaweza kutoa ilani ya kurekebisha, yenye muda maalumu, au ilani ya kusimamisha kazi pale hatari ni kubwa. Anaweza pia kumpeleka mwajiri mahakamani.

Wa tatu ni polisi, hasa kukiwa na kifo. Polisi hutafuta kama kuna kosa la jinai. Swali lao halifanani na la kamati, kwa hiyo faili la polisi kufungwa hakumaanishi kwamba ngazi iliyovunjika imepata dawa.

Uchunguzi mzuri unakuwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Jumatatu asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha, kibarua anachonga mawe timboni. Kipande cha ukuta kinaporomoka na kumvunja mguu. Ripoti ya haraka itasema: "Alisimama mahali pa hatari. Aonywe." Sahihi, mhuri, faili.

Mchunguzi wa kweli haishii hapo. Kwa nini alisimama chini ya ukuta? Kwa sababu mawe mazuri yako chini, na ukuta ulikuwa umechimbwa tumboni mpaka ukaning'inia. Kwa nini ulichimbwa hivyo? Kwa sababu kuondoa udongo wa juu hakuna malipo, na kibarua analipwa kwa idadi ya mawe. Kwa nini kazi ilianza mara baada ya mvua? Kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuukagua ukuta asubuhi, na lori la mteja lilikuwa limeshafika. Je, dalili zilikuwapo? Ndiyo. Wiki mbili nyuma kipande kidogo kilidondoka, na hakuna aliyekiandika.

Sasa tuna sababu nne, na hakuna hata moja inayoponywa kwa onyo. Mfumo wa malipo, ukaguzi wa asubuhi, namna ya kuukata ukuta, na nusura iliyopuuzwa: hivyo ndivyo vilivyovunja mguu.

Mashahidi wahojiwe mapema na mmoja mmoja, kabla hawajakaa kwenye kahawa wakaunganisha kumbukumbu zao zikawa hadithi moja. Waanze na "tueleze kazi ilivyokwenda tangu mlipofika", si "kwa nini ulifanya vile?" Anayejieleza vizuri zaidi kwa Chidigo au Chiduruma aachwe aseme kwa lugha hiyo, aandikiwe, asomewe, ndipo atie sahihi au dole gumba. Majeruhi mwenyewe ahojiwe pia, akipata nafuu. Ripoti nyingi huandikwa bila yeye, ilhali ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jambo lenyewe.

Lakini si tunasema ajali haina kinga?

Tunasema, na maneno hayo yana kazi yake: yanamtuliza mfiwa. Yakiingia kwenye ripoti yanaharibu, kwa sababu yanamwondolea kila mtu wajibu wa kutafuta. Mtu anaweza kuamini qadari na bado akaufunga ukingo wa shimo.

Kuna kinyume chake kinachoharibu vile vile: kumtafuta mkosaji mmoja na kumfukuza kazi. Mfanyakazi huenda kweli alikosea. Hata hivyo, ukimwondoa yeye na kuacha lori, malipo na ukuta ulivyokuwa, atakayeajiriwa kesho atasimama pale pale. Pia waliobaki watajifunza kuficha, na nusura zote zitanyamaziwa. Panapokuwa na uzembe wa makusudi, nidhamu ichukue mkondo wake kando, kwa utaratibu wake, ili mashahidi wasiogope kusema kweli.

Mapendekezo yapi yana nguvu, na yapi ni ya kujaza karatasi?

Yapange kwa nguvu zake. La kwanza ni kuiondoa hatari kabisa, kama kuacha kuchimba chini ya ukuta unaoning'inia. La pili ni kubadilisha kwa kitu salama zaidi, kama dawa kali ya kusafishia bwawa la hoteli kwa nyingine isiyo kali. La tatu ni kizuizi: uzio, kifuniko cha mashine, swichi inayokata stima yenyewe. La nne ni utaratibu, yaani mafunzo, ukaguzi, zamu fupi, vibali. La mwisho ni vifaa vya kuvaa: helmeti, glovu, gamboti.

Vifaa vya kuvaa ni lazima, na mwajiri hutakiwa kuvitoa bila kumkata mfanyakazi mshahara. Viko mwisho kwa sababu haviondoi hatari. Vinapunguza tu makali yake. Ukiona ripoti ambayo mapendekezo yake yote ni "wafanyakazi wawe waangalifu" na "wavae glovu", jua kwamba mchunguzi hakutoka ofisini.

Ufuatiliaji unafanywaje?

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapokufa. Ripoti inasomwa, watu wanaitikia kwa kichwa, na baada ya mwezi hakuna anayeikumbuka. Dawa yake ni daftari la ufuatiliaji, na kila pendekezo lijibu maswali matano:

1. Nini hasa kitafanywa? Liandikwe kwa namna inayoweza kuonekana kwa macho: "uzio wa mita moja kando ya shimo", si "kuboresha usalama".
2. Nani atafanya? Jina au cheo cha mtu mmoja. "Menejimenti" si mtu.
3. Lini? Tarehe, na hatua ya muda ya kuwalinda watu mpaka tarehe hiyo ifike.
4. Kwa pesa zipi? Pendekezo lisilo na bajeti ni dua.
5. Ushahidi ni upi? Picha, risiti, orodha ya waliofunzwa, sahihi ya aliyekagua.

Aliyekagua asiwe yule yule aliyetekeleza. Na arudi mara mbili: mara ya kwanza kuona kama kazi imefanywa, mara ya pili, baada ya wiki kadhaa, kuona kama inasaidia. Kifuniko cha mashine kinaweza kuwa kimewekwa vizuri tarehe 1, na tarehe 20 kimefunguliwa kwa sababu kinachelewesha kazi. Hilo halimaanishi wafanyakazi ni wakaidi. Linamaanisha suluhisho halikuiangalia kazi yenyewe, na linahitaji kufikiriwa upya.

Daftari hilo liwe ajenda ya kwanza katika kila mkutano wa kamati. Sheria pia inataka ukaguzi wa usalama na afya ufanywe na mshauri aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Mshauri huyo akabidhiwe daftari, aone ya mwaka jana yalifika wapi.

Kuna mfano wa gharama ya kutofuatilia?

Wa karibu ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi hapo mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alishiriki katika ripoti ya athari za mazingira iliyoonya kwamba kiwanda kile hakifai kuwa katikati ya watu. Onyo halikufuatwa. Madini ya risasi yaliingia kwenye damu za wafanyakazi na za majirani, watoto wakiwamo, na kiwanda kikaja kufungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Ushauri uliokuwa kwenye karatasi uliishia kubishaniwa kwa miaka mingi kortini.

Wa mbali ni Rana Plaza, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo lenye viwanda vya nguo, na mhandisi akasema si salama. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wakaambiwa warudi kesho yake, jengo likaanguka, na watu 1,134 wakafa. Hatari ilikuwa imeshagunduliwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye nguvu ya kulazimisha ugunduzi ule uheshimiwe. Baada ya maafa, kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi vilitia sahihi makubaliano yenye nguvu ya kisheria. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa, na ripoti pamoja na hali ya marekebisho zikatangazwa wazi, kiwanda kwa kiwanda. Yeyote aliweza kusoma ni kipi kimerekebisha na kipi bado.

Tunaweza kuiona ripoti?

Wawakilishi wenu kwenye kamati wanapaswa kuwa nayo, na njia rahisi ni kuwataka waisome mbele ya wafanyakazi. Kwa nyaraka zilizo mikononi mwa ofisi ya serikali, Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu ombi, au saa 48 pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Andika barua fupi, itie tarehe, ipigwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

Hatari bado ipo. Naweza kukataa kurudi?

OSHA inamtaka kila mfanyakazi amripotie msimamizi wake hatari kubwa anayoiona. Mpaka irekebishwe, mwajiri haruhusiwi kumtaka arudi mahali penye hatari hiyo ya karibu na kubwa. Aliyeondoka kwa sababu ya msingi hafai kufukuzwa, kubaguliwa wala kuadhibiwa.

Haki hii itumie kwa akili. Sema hatari ni ipi, mwambie nani, mbele ya nani. Usipotee tu nyumbani siku tatu. Jitolee kufanya kazi nyingine iliyo salama. Na usiende peke yako. Wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA. Sauti ya chama haifukuziki kirahisi kama ya kibarua mmoja.

Fidia inahusiana vipi na uchunguzi?

Ni njia mbili zinazotoka kwenye ajali moja. Uchunguzi unauliza nini kirekebishwe. Fidia inauliza aliyeumia apate nini. Usingoje moja iishe ndipo uanze nyingine, kwa sababu dai la WIBA lina mwisho wake: miezi 12 tangu ajali au kifo.

Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia mapato ya miezi 96. Mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 ambaye daktari amemkadiria ulemavu wa asilimia 15 anahesabiwa hivi: 20,000 mara 96 ni 1,920,000, na asilimia 15 ya hizo ni shilingi 288,000. Akifa, warithi wanaomtegemea huhesabiwa miezi 96 yote, pamoja na gharama za maziko. Mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa dai likishawasilishwa na mkurugenzi wa DOSHS.

Usiporidhika na uamuzi wa mkurugenzi, una siku 60 za kuweka pingamizi kwake, na baada ya jibu lake siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usianzie kortini: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, ni wazi kwamba mlango wa kwanza ni wa mkurugenzi.

Je, kama kosa lilikuwa langu? Utovu wa makusudi unaweza kukunyima fidia ya jeraha dogo. Ajali ikisababisha ulemavu mkubwa au kifo, fidia hulipwa hata hivyo.

Mimi ni kibarua, sina mkataba. Na mgema je?

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tatizo la kibarua ni ushahidi, basi ujikusanyie: ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha ukiwa kazini, namba ya simu ya msimamizi, majina ya wenzako wawili. Ukiajiriwa na kontrakta mdogo chini ya kontrakta mkubwa, andika majina ya wote wawili tangu siku ya kwanza.

Mgema anayejipandia minazi yake hana mwajiri wa kumdai chini ya WIBA, ingawa OSHA inamhesabu aliyejiajiri na kumtaka alinde usalama wake na wa wengine. Kwake uchunguzi ni kazi ya wenzake. Mmoja akianguka, wagema wa kijiji wakae waulize maswali yale yale: mnazi ulikuwa mzee kiasi gani, ngazi zilizochongwa kwenye gogo zilikuwa zimeoza, alipanda saa ngapi, mvua ilikuwa imenyesha? Wakikubaliana kwamba minazi fulani haipandwi tena, watie alama ya rangi shinani, na mwenye shamba aambiwe.

Tutajuaje kwamba uchunguzi umekwisha kweli?

Kuna kipimo rahisi. Mfikirie mtu aliyeajiriwa wiki hii, asiyejua kwamba hapo aliwahi kuumia mtu. Akisimama mahali pale pale, akifanya kazi ile ile, analindwa na nini? Ukiweza kumwonyesha kwa kidole uzio, kifuniko, ukuta uliokatwa vizuri au mkaguzi anayepita kila asubuhi, faili lifungwe. Kama jibu ni kwamba ameambiwa awe mwangalifu, lirudisheni kwenye mkutano ujao wa kamati, likiwa na jina la mtu na tarehe.